Mafuta Yaliyolala Mshazari

Kasha lenyewe lilikuwa la samaki. Ni lile jeupe, jepesi kama povu lililokauka, ambalo ukilikwaruza kwa ukucha linalia. Nilikuwa nimelitumia miezi mingi kupakia mbuta ufuoni Homa Bay: tabaka la barafu, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena, kisha kifuniko na utepe.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa katika kazi moja miaka miwili. Nimekata miwa, nimechoma matofali Oyugis, nimeuza mitumba Rongo, nimeshuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Migori nikiwa nimefungwa kamba kiunoni. Kila mahali nilifika nikiuliza maswali, na majibu yalipoisha nikaondoka. Barafu ndiyo iliyonishika kidogo. Nilijifunza kwamba vipande vikubwa huishi kuliko vidogo, kwamba upepo huila barafu kuliko jua, na kwamba kasha lililofunguliwa mara tano limeshakufa hata kama ndani bado kuna ubaridi. Kwa hiyo dawa ya mama mkwe wangu ilipohitaji mtu wa kuisafirisha katika ubaridi, hakuna aliyeuliza ni nani atakayeenda.

Ugonjwa wake ulianza na chumvi. Mama mkwe anaishi karibu na Uriri, analima njugu, na kanisani kwao ndiye anayefundisha nyimbo. Siku moja alitia chumvi kwenye chai ya wageni, birika zima. Watu walicheka, naye akacheka. Wiki chache baadaye alianza kupoteza maneno. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye jembe na kusema, “Nipe ile... ile ya ardhi.” Halafu asubuhi moja alianguka katikati ya njugu zake, mwili ukatetemeka mpaka majirani wakamshika.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe. Alipasuliwa, sehemu kubwa ikatolewa, lakini kipande kidogo kilibaki mahali ambapo daktari alisema kisu hakifai kufika. Kipande hicho kingepigwa kwa dawa ya mshipani inayoitwa karmastini, mara moja kila baada ya wiki sita. Daktari hakuficha. Alisema kisipozuiwa mapema kitakua, na kwa mahali kilipo, kitakachoondoka kwanza ni usemi.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia daktari, polepole, akitafuta kila neno: “Mguu chukua. Maneno niachie.”

Dawa hiyo haitumiki kila siku, kwa hiyo tuliambiwa tuichukue wenyewe katika duka la dawa Kisumu na kuifikisha hospitalini Migori ikiwa baridi. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma, hakuweza kusafiri. Mimi nilibeba kasha langu, nikalijaza barafu ya kiwandani, nikaenda. Mfamasia alinipa kipakiti kidogo cha karatasi ngumu. Nilitarajia kitu kikubwa. Ndani kulikuwa na chupa mbili ndogo, moja ya dawa na nyingine ya maji ya kuiyeyushia. Nilikifunga kwa plastiki, nikakilaza katikati ya barafu kama ningemlaza samaki wa bei, nikaanza safari ya kusini.

Miadi ilikuwa saa tisa alasiri. Nilifika Uriri saa nne na nusu asubuhi ili nimchukue mgonjwa, na nikajisifu moyoni kwamba nina muda wa kutosha. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu mkwe haingii hovyo katika nyumba ya mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamli meza moja, na ukikutana naye njiani unampisha kwa heshima. Tunaitana “ora”, maana yake mkwe wangu, na neno hilo lenyewe huweka hatua kadhaa kati yenu. Kwa hiyo nilipofika nilipelekwa nyumba ya shemeji yangu, dada wa mke wangu, ambaye aliachika na kurudi kujenga pale pale bomani. Kasha nililikabidhi kwake alipeleke nyumba kubwa, kwa mwenye dawa.

“Shemeji, hili ni la maro,” nilimwambia. Maro ndiye mama mkwe. “Likae kivulini.”

“Litakaa. Wewe kaa chini. Kuku ameshakamatwa.”

“Mimi sina njaa. Tungeondoka tu.”

“Ati uondoke? Mkwe aje bomani aondoke bila kuku, watu wa Uriri watuseme mpaka Krismasi?”

Basi nikakaa. Kuku wa kienyeji haharakishwi. Nilikunywa chai, nikauliza kuhusu njugu, nikauliza kuhusu paa, nikamtazama yule jogoo akipita kutoka uani hadi sufuriani kwa mwendo wa saa mbili na zaidi. Jua lilikuwa la Januari, la kupasua midomo. Sikuwa na wasiwasi. Barafu yangu naijua. Kasha lile lingekaa mpaka kesho.

Saa saba tulipoondoka, mimi mbele, maro na shemeji nyuma yangu hatua kumi, nililipokea kasha, utepe ukiwa mahali pake, nikaliona zito kuliko nilivyolileta. Nikadhani ni uchovu.

Katika chumba cha sindano muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita sista, aliniambia nifungue. Nilikata utepe. Ndani ya kasha kulikuwa na viazi vitamu, vilivyooshwa vizuri, vimepangwa kama vitabu. Juu yake mayai kumi na mawili ndani ya majani makavu. Juu ya mayai, kipakiti cha dawa, kimefungwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia meza ya wageni.

Barafu haikuwapo hata tone.

“Lilikuwa linanuka samaki,” shemeji alisema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. “Tukayamwaga yale maji machafu, kasha tukaliosha kwa sabuni. Dawa nikaiweka juu ya kabati, hapo dirishani. Chombo cha mgeni kinarudije kitupu?”

Sikuweza kumlaumu, hata leo siwezi. Mimi mwenyewe nikimletea jirani sahani bila kitu ndani, mkono wangu huona aibu. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alikuwa ameketi pale pale kitini akikubali kwa kichwa.

Sista alivaa glavu, akaitoa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Aliigeuza taratibu. Kwenye kitako cha chupa, ndani, kulikuwa na utando wa manjano, unateleza kama mafuta yaliyobaki katika kikaango.

“Imeyeyuka,” alisema.

“Si ndiyo vizuri?” niliuliza. “Mfamasia alisema lazima iyeyushwe kabla ya kuchomwa. Imewapunguzia kazi.”

Hakucheka. Nilipenda kwamba hakucheka. Alinivuta karibu na dirisha akaniambia: dawa hii ikiwa nzima ni vipande vikavu, vya manjano iliyopauka, vinavyogongana kwenye kioo. Ikipata joto la zaidi ya digrii thelathini na kidogo inageuka mafuta, na ikishageuka imekufa. Huwezi kuirudisha kwenye friji ukaifufua. Inatupwa.

“Yote?”

“Yote.”

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee mwembamba, kofia kichwani ingawa kulikuwa na joto, chupa ya dripu juu yake imefunikwa kwa mfuko mweusi isipigwe na mwanga. Alikuwa akitusikiliza bila kujificha.

“Ni ile ile yangu?” aliuliza.

“Ni ile ile,” sista alisema.

Udadisi wangu haujui msiba. “Mzee, wewe pia ni kichwa?”

“Kichwa changu ni kizima, ingawa mke wangu anabisha. Mimi ni damu. Inaharibikia ndani ya mifupa.”

Nikamgeukia sista. Dawa moja itatibuje ubongo wa huyu na damu ya yule? Alikuwa na kazi, lakini alinijibu huku akiandika. Saratani zote mbili ni chembe zinazozaana bila breki, na dawa hii huharibu maandishi ambayo chembe huyafuata ili zizaane. Ila ubongo una mlinzi langoni. Dawa nyingi zikija na damu anazirudisha. Hii anaipitisha kwa sababu ina asili ya mafuta, na mafuta hupenya lango lile.

Nilisimama na jambo hilo kichwani muda mrefu. Kile kile ambacho kingeifanya ifike ubongoni mwa maro, asili yake ya mafuta, ndicho kilichoifanya ife juu ya kabati lake. Sijui kama wenye shule wanaliona jambo hilo kuwa la kawaida. Mimi nililiona kubwa.

Maro alitoka nje mbele yetu. Alisimama, akanitazama usoni, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akaanza: “Ora, ile...” Neno likakataa. Akafunga mdomo, akatikisa kichwa, akapanda gari. Miadi mpya ilikuwa baada ya siku kumi. Njia yote nilihesabu siku kumi za kile kipande kilichobaki ndani ya kichwa chake.

Namna dawa ya pili ilivyolipiwa ni habari ya ukoo mzima, na wengine bado wananiangalia vibaya, tuiache. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Hata nikilinda barafu kwa macho yangu, nitajuaje kwamba dawa haikupata joto kidogo njiani, kisha ikapoa tena? Samaki nitamnusa. Hii haina harufu.

Jibu nililipata kwenye kikopo cha mke wangu. Anapaka nywele mafuta ya nazi, na kule Homa Bay mafuta hayo ni maji mchana kutwa. Asubuhi ya baridi tu ndiyo huganda, na ikifika saa tatu yameshalainika hata kivulini, kabla jua halijawa kali la kumtoa mtu jasho. Yaani yanayeyuka mapema kuliko ile dawa. Nilichukua kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi, nikakijaza nusu, nikakiegemeza kwenye barafu ya ghala la samaki mpaka mafuta yakaganda yakiwa yamelala mshazari, kama kilima. Kisha nikakisimamisha wima. Kilima kikabaki kilima.

“Unafanya nini na mafuta yangu?” mke wangu aliuliza, mtoto begani.

“Haya ni shahidi. Yakipata joto yatakuwa maji, na maji hayakai mshazari. Hata yakiganda tena, yataganda yakiwa sawa. Nikifungua nikakuta kilima, dawa haikuguswa na joto.”

Aliutazama mshazari ule, akanitazama mimi. “Mtu wa barafu. Na viazi je, umeviwekea shahidi?”

Nilikuwa nimeviwekea. Juu ya kifuniko nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: DAWA. USIFUNGUE. USIOSHE. USIJAZE. Kasha lenyewe nililisugua kwa ndimu mpaka likanuka kama duka la sabuni.

Safari hii nilituma ujumbe kwamba sitaingia bomani. Nilituma kwa woga, kwa sababu mkwe kupita mbele ya lango la wakwe zake bila kuingia ni kama kuwatemea mate. Shemeji alinipigia simu mara moja.

“Wazee watasema tumekufukuza!”

Kisha nikasikia simu ikinyang’anywa, na sauti ya maro, pole pole, kila neno likitafutwa na kupatikana: “Waambie wazee waje... wachomwe sindano... badala yangu. Ora, usishuke. Nitakuwa barabarani.”

Kisumu waliniwekea kipakiti mikononi saa mbili asubuhi. Nilikizungushia gazeti na plastiki kisilowe, nikakilaza, nikamsimamisha shahidi wangu pembeni yake, nikafunga. Oyugis gari lilisimama kwa robo saa, jua likiwa limeanza kuuma. Mkono ulinituma nifungue nione. Niliukalia mkono. Rongo nao ukanituma tena.

Uriri maro alikuwa amesimama kando ya lami, kitenge kimekazwa, mkoba kifuani, shemeji pembeni akiwa amemshikia mwavuli na sura ya msiba. Hakukuwa na nafasi ila kando yangu. Maro alisita mguu mmoja ukiwa ndani. Nilijivuta mpaka ubavu ukagusa bati la gari, nikaliweka kasha katikati yetu. Akalitazama, akasoma maandishi ya kifuniko, midomo ikitembea. Alipofika kwenye USIJAZE alitoa pumzi puani, karibu kicheko, akaketi. Tulienda hivyo hadi Migori, sisi wawili na kasha, kila mmoja mkono wake juu ya kifuniko.

Shemeji alibaki Uriri, watoto wake walikuwa wakitoka shule. Kwa hiyo katika chumba cha sindano tulikuwa sisi tu. Sista alisoma kifuniko, akasema, “Karibuni, watu wa viazi.” Nikakata utepe.

Kichupa kilikuwa kimesimama kwenye barafu, na ndani yake kilima kimelala vile vile nilivyokilaza. Nilimweleza sista kazi ya kichupa kile. Alikichukua, akakiinamisha, akakirudisha wima, akamwita mwenzake aje aone. Halafu akatoa dawa, akaiinua dirishani, akaitikisa. Vipande vya manjano vilianguka kutoka upande mmoja hadi mwingine, vikavu, vikilia kwenye kioo sauti ndogo kabisa.

Maro alisikia. Alishika kifua.

Sista aliingiza kile kimiminika cha kuyeyushia, dawa ikatoweka ndani yake. Nilisogea nione, akanizuia kwa kiwiko: ikigusa ngozi inaacha doa la kahawia.

“Na hayo ni maji gani?” maro aliuliza.

“Si maji, mama. Ni spiriti safi. Dawa hii haiyeyuki vizuri kwenye maji mpaka ipitie hapo.”

“Spiriti... pombe?”

“Kidogo tu.”

Maro hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Aliniangalia mimi, akaangalia mlango, akasema bila kutafuta hata neno moja: “Mwalimu wa kwaya. Kwa mshipa. Ora, mchungaji asijue.”

Dawa iliingizwa kwenye dripu, ikafunikwa mfuko mweusi, ikaanza kushuka. Sista alikuwa ametuonya kwamba inachoma ikipita. Baada ya dakika kumi hivi, uso wa maro ulibana, vidole vikakunja shuka. Sista alipunguza mwendo wa dripu, akasema mtu amshikie mkono ule usitikisike, yeye ana wagonjwa wengine. Kisha akatoka.

Nilitazama mlangoni kama atatokea mwanamke wa kwetu. Hakutokea mtu.

“Maro,” nilisema, “nimwite sista?”

“Yuko na watu.” Alifumba macho. “Shika. Ukoo haupo hapa.”

Nilivuta kiti, nikaushika mkono wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya kuwa mkwe wake. Ulikuwa na sugu mahali pale pale ninapobeba sugu mimi. Ili tusiangaliane, nilitazama mfuko mweusi, naye akatazama dari, akaanza kuimba kwa sauti ya ndani ya pua, ubeti baada ya ubeti, akihesabu kama yupo neno lililokosekana. Ubeti wa tatu alikwama. Nilingoja. Akarudi nyuma mistari miwili, akapita kama mtu aliyerudi nyuma kabla ya kuruka mtaro.

Chupa ilipoisha na sindano kutolewa, aliomba mkoba wake. Akautoa mfuko wa njugu zilizokaangwa, akafungua kasha, akamwaga yale maji ya barafu kwenye sinki, akaupanga mfuko ule ndani, akafunga.

“Sasa ndiyo,” alisema.

Dawa hii hupiga pole pole. Kichefuchefu kilikuja siku ile ile, lakini damu yake ilipungua baada ya mwezi mzima, ndiyo maana dozi nyingine hungoja wiki sita. Alichoka, alikonda, akalala mchana. Tuliichukua tena, na tena. Picha ya juzi ilionyesha kwamba kile kipande hakijakua. Daktari alisema hata kimesinyaa pembeni kidogo, akatuambia tusishangilie sana. Tulishangilia kiasi.

Ninaendelea kuishi kwa kuhama. Sasa niko Homa Bay, mwezi ujao sijui. Lakini kila wiki ya sita narudi kwenye barabara ile na kasha lile. Maro hanisalimii kwanza siku hizi. Tukishafika wodini anafungua kifuniko mwenyewe, anatoa kichupa, anakisimamisha kwenye kiganja, anapima ule mshazari kwa jicho moja.

“Mafuta hayajambo,” anasema. “Na wewe, ora, hujambo?”

Kisha anauliza habari za mjukuu, za ziwa, za bei ya mbuta, za mzee wa damu kitanda cha pili kama amekuja, maneno yakifuatana bila kusimama, mpaka sista anamwomba anyamaze kidogo atafute mshipa.